Hoteli Inayojifunza: Muuza Mbegu Afumaniwa

Wiki nzima ninyi mmekula, mmelala, mmekwenda kusali na kurudi, na maskini Eveline bado amesimama nyuma ya mlango wa chumba cha watu, kilemba kimemshuka usoni, miwani myeusi mkononi, anasikia hodi ikipigwa.

"Mama Mbegu! Uko macho, Mama Mbegu?"

Akaivaa miwani.

"Basi Meneja, uko macho? Chai inapoa."

Akaivua tena.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma: Eveline ni meneja wa hoteli ya Fahari ya Bonde, pale Viwanja Sitini, mjini Ifakara, ghorofa la vioo vya buluu lenye kila kitu isipokuwa wageni. Aliyekuwa anagonga ni Mama Agnetha, mwenye nyumba ya kulala wageni kule Lipangalala. Haina kioo cha buluu hata kimoja, na hujaa mpaka watu wanaambiwa wajaribu kesho. Mama Agnetha ni dada yake Bwana Fridolin. Bwana Fridolin ndiye mwenye Fahari ya Bonde, na ndiye aliyemtuma meneja wake akalale kwa dada yake kwa jina la uongo, aibe siri ya kujaza vyumba.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba wa kuutekeleza alikuwa Eveline.

Akafungua mlango. Mama Agnetha alikuwa amesimama hapo, mfupi, mnene, kanga kiunoni, uso umejaa kicheko anachokizuia kwa nguvu.

"Shikamoo, mama," Eveline akasema, maana adabu ni adabu hata mtu akiwa amefumaniwa.

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Salama. Mama, mimi naitwa Noela, natokea Mlimba, nauza mbegu za..."

"Za nini?"

"Za mpunga."

"Unauza mbegu za mpunga Ifakara." Mama Agnetha alimtazama kwa huruma. "Si ungeuza maji kivukoni tu? Halafu jana ulipofika hukuuliza bei, hukuuliza bafu liko wapi. Ukamwuliza Mzee Telesphory wa mapokezi, 'Hapa mna utaratibu gani wa kushughulikia malalamiko ya mteja?' Mzee wa watu alinijia jasho linamtoka, akidhani tumeingiliwa na serikali."

Eveline akakaa kitandani.

"Utamwambia Mzee Fridolin?"

"Nimwambie nini? Kaka yangu nilimjua kabla yako. Kakutuma uibe. Sasa wizi gani huo wa kujifungia chumbani? Vaa viatu, twende ukaone. Ukirudi mikono mitupu atasema nimeficha."

Hapo ndipo Eveline alipoanza kuogopa kweli. Mwizi akifukuzwa anajua la kufanya. Mwizi akikaribishwa, afanyeje?

Lakini kabla hawajafika uani, niwaambie Bwana Fridolin aliugua ugonjwa gani.

Mwaka jana alikwenda Dodoma kwenye semina ya wenye hoteli. Akarudi na begi la kitambaa, fulana yenye nembo, na neno moja: kujifunza. Biashara ya hoteli inayokua, alisema, ni ile inayojifunza. Hakusema uongo. Akamleta na mtaalamu, Bwana Obadia, mwenye tai ndefu na kompyuta nyembamba. Kwa pamoja wakatundika bango mapokezi: SISI NI HOTELI INAYOJIFUNZA. Wakaweka sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo ukapotea kabla ya maoni ya kwanza. Kisha kikaanzishwa Kikao cha Ukweli, kila Jumatatu.

"Kila mtu aseme kosa bila woga," alitangaza Bwana Fridolin. "Hapa hakuna adhabu. Kosa ni mwalimu."

Wafanyakazi walitazamana. Aliyeamini alikuwa mmoja: Alphonce, mpishi mkuu, kijana mwenye majivuno ya jogoo, aliyeamini kwamba kati ya Kidatu na Mlimba hajazaliwa wa kumfundisha kukaanga samaki. Akasimama. Akasema wale wageni wa sherehe ya kipaimara, waliomaliza jioni yao kwenye foleni ya choo, waliumizwa na kambale. Kambale alitoka kwenye friza iliyokufa. Alinunuliwa na mzee mwenyewe. Yeye Alphonce alimwambia ameharibika, na mzee akajibu, "Kamulia limao."

"Asante sana kwa uwazi wako," alisema Bwana Fridolin. Obadia akapiga makofi.

Kabla ya chakula cha mchana Alphonce alikuwa amefukuzwa kazi, kwa kosa la kukosa moyo wa timu.

Barua ya kumfukuza iliandikwa na meneja. Meneja ni Eveline. Na Alphonce, wasomaji wangu, alikuwa mchumba wake. Posa ilikwishapokelewa kwao Mahenge, na mjomba alikwishakula kuku wake.

Kwa hiyo msije mkasema hoteli ile haikujifunza. Ilijifunza siku ileile, na somo likawaingia wote kuanzia mapokezi mpaka kwa wafua mashuka: kaa kimya. Bomba likivuja, kimya. Mgeni akisubiri supu mpaka akaota ndevu, kimya. Kila Jumatatu watu waliketi kwenye Kikao cha Ukweli wakasema kila kitu kiko vizuri, na wageni wakaendelea kupungua, vizuri kabisa.

Sasa turudi Lipangalala.

Uani kwa Mama Agnetha wafanyakazi walikuwa wameketi kwenye mabenchi, vikombe mikononi. Hapakuwa na bango wala kompyuta. Kulikuwa na birika kubwa na kelele nyingi.

"Jana nimekosea," Mama Agnetha alianza, kabla hata hajakaa. "Nimempa katekista ufunguo wa chumba cha yule mama wa Malinyi anayenunua ufuta. Katekista kafungua, mama anajipaka mafuta. Wamepiga kelele wote wawili, lakini katekista kapiga zaidi."

Watu wakaanguka vicheko.

"Msicheke tu, niambieni nifanyeje. Nitaua mtu wa Mungu siku moja."

"Usitoe funguo wewe, mama," alisema mfua mashuka. "Macho yako siku hizi yanahitaji miwani. Umwachie mzee."

Eveline alikishika kikombe alichopewa kwa mikono miwili. Kule Fahari ya Bonde, aliyemwambia mwajiri hivyo angekuwa ameshafika stendi na begi lake.

"Haya, nimwachie mzee," alijibu Mama Agnetha, kama aliyeambiwa asogeze kiti. "Mzee Telesphory, na wewe?"

Mzee Telesphory akakohoa. "Mimi yule mgeni wa treni. Aliomba nimwamshe. Nikasinzia. Nilipomwamsha, treni ilikuwa imeshafika Mlimba."

"Zamu mbili mfululizo hata bundi angesinzia," ilisema sauti kutoka mlango wa jiko. "Tugawane. Alfajiri nakuwa macho mimi, nawasha moto. Nitawaamsha mimi."

Kikombe kikamponyoka Eveline.

Sauti ile aliijua. Ilikwisha kumwambia mengi, mengine siyo ya gazetini.

Mlangoni alisimama Alphonce, mwiko mkononi. Mji mzima uliambiwa amekwenda Dar. Kumbe alikuwa umbali wa bajaji moja.

"Meneja," alisema.

"Alphonce. Nilisikia uko Dar."

"Ulisikia, au uliomba iwe hivyo?"

"Siku ile sikujua la kufanya."

"Ulijua. Barua uliiandika vizuri sana, nukta na mkato vyote mahali pake."

Eveline aliinama, akaokota kikombe chake.

"Alphonce, mwache anywe chai," Mama Agnetha aliingilia. "Na wewe hujasema lako. Wali wa jana uliungua."

"Haukuungua. Ulikaza kwa chini."

"Uliungua!" benchi zima lilijibu.

Alphonce alitazama juu, akatazama mwiko. "Uliungua kidogo," akakiri, kama mtu anayeng'olewa jino.

Simu ya Eveline ikalia. Alikuwa Bwana Fridolin, mtu ambaye sauti yake haihitaji spika.

"Umeipata siri?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeipata?"

"Nimeipata. Asubuhi wanakaa wote. Aliyekosea anasema. Mama anaanza yeye mwenyewe. Halafu wanarekebisha palepale."

"Halafu?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Eveline, sikukutuma uniletee mahubiri. Kikao tunacho. Bango tunalo, tena la rangi. Mimi nataka siri! Kwenye chakula anaweka nini?"

"Chakula anapika Alphonce."

Upande wa pili kiti kilisikika kikianguka.

"Alphonce yupo hapo? Basi ndiyo siri yenyewe! Mlete! Mchana nina wageni wazito kutoka Dar, na huyu mpishi wenu wa sasa hata ugali unamshinda. Mpe Alphonce cheo chochote. Mpe cheo cha Obadia."

"Mzee!" ikasikika sauti ya Obadia kwa mbali.

Mama Agnetha alikuwa amesikia kila neno, na Lipangalala yote pia. "Yaani mpishi wangu anaibiwa mbele ya chai yangu," alisema. "Alphonce, wewe ni mtu mzima. Unasemaje?"

Alphonce aliweka mwiko chini polepole. Alikuwa mtu wa majivuno, nimeshasema, na kwa miezi mingi alikuwa akingoja siku kama hii.

"Nitakwenda. Kwa jambo moja tu. Asimame mbele ya wafanyakazi wote, aseme yule samaki alinunuliwa na nani."

Eveline akalirudia simuni.

"Hilo tu?" alijibu Bwana Fridolin. "Hata sasa hivi! Njooni."

Akakata.

Mtu aliyebishana na fundi mwaka mzima kwamba paa halivuji, huku amevaa koti la mvua, amekubali kosa kabla simu haijapoa. Eveline alijikuta anatabasamu.

"Eveline," Mama Agnetha alimwambia, "kaka yangu akikubali haraka, shika mkoba wako."

Hata hivyo akamruhusu Alphonce kwenda, kwa mchana mmoja tu. Msimwite mtakatifu. Alitaka hilo neno lisemwe, na alitaka asimuliwe jioni bila kupunguzwa kitu.

Ndani ya bajaji Eveline na Alphonce walikaa kama watu waliokutana hospitali.

"Mama hajambo?" Alphonce akauliza mwishowe.

"Hajambo. Anakuulizia kila siku."

"Unamwambiaje?"

"Nilimwambia uko Dar."

Alphonce akageukia barabara mpaka Viwanja Sitini.

Fahari ya Bonde iliwapokea kwa shangwe. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa. Wafanyakazi wamepangwa chini ya bango kama wanakwaya, na Bwana Fridolin amevaa suti ya harusi za wengine. Obadia alikuwa na simu juu, anarekodi, kwa ajili ya mtandao.

"Ndugu zangu," alianza Bwana Fridolin, "kosa ni mwalimu. Leo tunasema ukweli wote. Siku ile kambale aliharibika, kweli. Na kambale yule alinunuliwa..."

Alphonce alinyoosha mgongo.

"...alinunuliwa chini ya usimamizi wa meneja wangu, Eveline. Yeye ndiye aliyepokea mzigo. Nami, kama baba, mbele yenu nyote, namsamehe."

Obadia akapiga makofi kwa mkono mmoja uliobaki.

Alphonce aligeuka, akaanza kwenda mlangoni. Wafanyakazi wote walikuwa wanatazama sakafu. Vigae vya hoteli ile vimetazamwa kuliko televisheni yake.

Eveline aliona mgongo wa Alphonce unakwenda, kwa mara ya pili katika ukumbi uleule. Mara ya kwanza alikuwa ameshika kalamu. Safari hii mikono ilikuwa mitupu.

"Si kweli, mzee."

Alphonce akasimama.

"Samaki ulinunua wewe," Eveline aliendelea. Hakupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza. "Alphonce alikuambia ameharibika. Nilikuwa mlangoni, nikakusikia ukisema limao. Halafu nikaandika barua ya kumfukuza mtu aliyesema kweli, kwa sababu niliogopa kufukuzwa mimi. Hilo ni kosa langu, nalibeba. La samaki ni lako."

Bwana Fridolin alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kanisani. "Meneja amechoka na safari. Obadia, zima hiyo simu."

"Na mimi niliiona friza."

Watu wakageuka. Aliyesema ni Devota, msafisha vyumba, ambaye tangu bango litundikwe hajafungua mdomo kikaoni ila kwa kupiga mwayo.

"Niliiona," alirudia. "Ilikuwa inanuka toka getini."

Mfereji ukapasuka.

"Bomba la juu linavuja tangu masika!"

"Sabuni tunaambiwa tuongeze maji!"

"Juzi mgeni kanipigia simu ameshafika Kidatu, bado anaulizia taulo aliloomba hapa!"

"Bwana Obadia analala chumba bora kuliko vyote, na kila siku anaandika kwamba hakina mgeni kwa sababu ya mtazamo wetu!"

Kwa mara ya kwanza tangu kianzishwe, Kikao cha Ukweli kilikuwa na ukweli ndani yake. Mtaalamu wa kujifunza angefurahi. Mtaalamu wa kujifunza alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, amekumbatia kompyuta yake.

"Kimya!" alinguruma Bwana Fridolin. "Mmefukuzwa! Wote! Tokeni kwenye hoteli yangu!"

Wakatoka. Walivua aproni, wakazikunja, wakaziweka mezani moja juu ya nyingine, wakapita mlango mkuu ambao siku zote walikatazwa kuupita. Hoteli ile haijawahi kuona kazi ikifanywa kwa umoja kiasi kile.

Na pale getini, hawajamaliza hata kuvuka barabara, Coaster nyeupe ikaingia. Wageni wazito walishuka, wakinyoosha miguu. Mbele alikuwa mama mmoja mrefu, mvi kichwani, miwani imening'inia kifuani. Alipishana na wafanyakazi, akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mnakwenda wapi wote hivi, mchana wa chakula?"

"Milele amina," alijibu Devota. "Tunakwenda kupumzika, mama."

Yule mama aliwatazama mmoja mmoja, akaingia ndani.

Ndani, Bwana Fridolin alimgeukia Obadia.

"Wewe si umesomea hoteli? Ingia jikoni."

"Nimesomea mifumo, mzee."

"Basi nenda ukaiwashe mifumo!"

Ng'ambo ya barabara, kwenye banda la chipsi, waliofukuzwa walipata viti vya mbele. Kupitia vile vioo vya buluu waliona wageni wakiketi wima mbele ya meza tupu. Baadaye kidogo, kutoka dirisha la jiko, ukaanza kutoka moshi.

"Huo ni wali," alisema Alphonce, akinusa kwa raha. "Umeungua. Wa kwangu ulikaza tu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Devota aliagiza soda ya sherehe. Eveline peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee mmoja kule ndani, anayejipepea kwa menyu, na dada aliyekuwa anambembeleza mtoto kwa kikombe kisicho na kitu.

"Wale hawajatukosea," alisema.

"Sisi si wafanyakazi wao tena," Alphonce alijibu. "Hujasikia? Tumefukuzwa."

"Nimesikia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutufukuza."

Alphonce alifungua mdomo kubisha. Badala yake kicheko kikamtoka, kile cha zamani, ambacho Eveline alidhani kimekwenda Dar na hakitarudi.

"Mlango wa nyuma," alisema. "Wa mbele tumeshautumia leo."

Jikoni walimkuta Bwana Fridolin amevua koti, anakwangua sufuria kwa kisu cha mkate. Obadia alikuwa anakata kitunguu na tai yake pamoja, machozi yanamtiririka. Bwana Fridolin aliwaona wakiingia. Alitaka kunguruma, moshi ukamziba koo, akakohoa tu.

"Pisha, mzee," alisema Alphonce.

Akapisha.

Sitawaeleza mapishi, hili si gazeti la mapishi. Sufuria mpya ikapanda moto. Mchele ukaoshwa, kuku wakakatwa, mchicha ukachambuliwa na watu ambao kazi yao ni kutandika vitanda. Ajabu ilikuwa kelele.

"Chumvi nimezidisha!"

"Ongeza nyanya, usiongeze maji!"

"Nimepeleka juisi meza siyo!"

"Waachie, wale wengine wapelekee maembe, wote wataona ni heshima!"

Hakuna aliyeitisha kikao. Mtu alikosea, akasema, mwenzake akadaka, na sahani zikatoka. Bwana Fridolin alisimama kwenye kona yake, mikono imening'inia, akitazama hoteli yake ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Alionekana mzee ghafla. Mtu aliyekuwa anakoboa mpunga, akapata, akajenga ghorofa, na siku zote ameogopa watu wasije wakagundua kwamba hajui hoteli inaendeshwaje.

"Nilinunua mimi," alisema.

Hakuna aliyesikia, mafuta yalikuwa yanalia.

"Samaki!" akasema kwa nguvu. "Nilinunua mimi. Na limao nilisema mimi."

Eveline aliganda, kijiko mkononi. Alphonce hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka, kama mtu aliyetua gunia.

"Tumesikia, mzee," alisema. "Lete sahani."

Na Bwana Fridolin, mwenye Fahari ya Bonde, akaleta sahani. Mbili zilikuwa chafu. Akaambiwa. Akazirudisha akaziosha.

Mngependa niishie hapo, najua. Devota naye angependa. Lakini sahani ya mwisho ilipotoka, Bwana Fridolin alimvuta Eveline pembeni, karibu na magunia ya mkaa, na uso wake haukuwa wa mtu aliyetubu akapona.

"Kuna lingine," alisema kwa sauti ya chini. "Wale pale ukumbini hawakuja kula tu."

"Wamekuja kufanya nini?"

"Kuinunua hoteli."

Alphonce aligeuka na mwiko wake. Wengine nao wakasogea.

"Sina uwezo tena wa kuiendesha," Bwana Fridolin aliendelea, akitazama chini, sasa ikiwa zamu yake ya kutazama vigae. "Tumeshakubaliana kila kitu. Hawa watu majengo wanayo, wanaweza kujenga popote. Walichokitaka kwangu ni wafanyakazi. Niliwaahidi timu iliyozoeana, inayosema kweli, inayojifunza. Ninyi. Walisema wakiikuta, wananunua na kila mtu anabaki kazini. Wasipoikuta, wanapanda gari lao. Wakipanda, kesho nafunga."

"Na wewe ndio umetufukuza," alisema Devota.

"Ndio nimewafukuza."

"Leo."

"Leo, Devota, leo! Kwani nasema lini?"

Mlango wa jiko ukasukumwa.

Aliingia yule mama mrefu wa mvi, miwani sasa iko machoni, sahani mkononi imekwanguliwa mpaka maua ya chini yanaonekana. Alitazama moshi ukutani. Alitazama tai ya Obadia iliyopungua. Aliwatazama watu aliopishana nao getini wakienda kupumzika.

"Bwana Fridolin," alisema, "chakula kimetufaa sana. Sasa tuonyeshe hao wafanyakazi wako."

Bwana Fridolin akamtazama Eveline. Devota akamtazama Eveline. Alphonce, ambaye kwa miezi yote ile hakutaka hata kusikia jina lake, akamtazama pia, wala hakumpa ishara yoyote.

Yule mama alifuata macho yao, akamsogelea.

"Binti," alimwuliza kwa upole, "wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

Eveline alijifuta mikono kwenye aproni ambayo haikuwa yake tena, akajibu. Alichojibu ni cha wiki ijayo; gazeti lenu msilifungie vitumbua.